Kwa Hisani ya Mtandao

Binamu yangu si mtu wa kuandika. Yeye hutuma sauti, dakika tatu au nne, akiwa njiani, pikipiki zinapita nyuma yake na wauza maji wanaita. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoona ameandika maneno matatu tu, "Huyu si shangazi?", nilikaa sawasawa kitandani kabla ya kufungua picha.

Ilikuwa skrinshoti ya tangazo la unga wa ngano huko Instagram. Juu jina la unga kwa herufi nyekundu, chini namba ya simu ya wakala, katikati mkono wa mama yangu. Uso haukuwemo, walikuwa wamekata picha karibu na kiwiko. Lakini mtu hahitaji uso kuutambua mkono uliomlisha. Lile kovu la mafuta chini ya kidole gumba nilikuwepo siku lilipopatikana. Nilikuwa na miaka saba na mimi ndiye niliyemgonga. Na ile kanga aliyoisokota kushikia sufuria, iliyopauka upande mmoja, hadi leo iko jikoni inafutia meza.

Picha niliipiga mwenyewe, Ngamiani, Tanga, Ramadhani ya 2019, saa kumi na moja jioni, saa ambayo jikoni kwetu hakuna anayethubutu kuzungumza jambo lisilohusu futari. Mama alikuwa anapika mkate wa kumimina. Kwa wasioujua: mchele unalowekwa tangu usiku, unasagwa na tui zito, unatiwa sukari, iliki na hamira, unaachwa uumuke. Kisha unamiminwa kwenye sufuria iliyopata moto na mafuta. Pembeni ukianza kukauka na vitundu vikafunguka katikati, Mama anafanya kitu ambacho mgeni akikiona mara ya kwanza hushika kifua: anaipindua sufuria nzima, mdomo chini, juu ya makaa. Mkate hauanguki. Unabaki umening'inia humo ndani, uso wake unaiva kwa joto la makaa mpaka uwe kahawia. Kila baada ya muda anainua ukingo kidogo, anachungulia, anarudisha. Nilimpiga picha wakati anachungulia, makaa yamemulika kiganja chake kikawa chekundu kama hina mbichi.

Nikaiweka Facebook, nikaandika mistari minne, jina langu juu. Watu sitini na kitu wakaipenda. Kwangu hiyo ilikuwa harusi.

Sasa, mkate ule hauna hata chembe ya ngano. Ni mchele mtupu. Tangazo lilisema: "Mkate laini huanza na unga bora." Kama kuna aliyetaka kujua kwamba waliochukua ile picha hawakumuuliza aliyeipiga, wala mwenye mkono, jibu lilikuwa limeandikwa palepale.

Nilipiga namba ya wakala, wakala akanipa namba ya ofisini, ofisini wakanipa dada wa masoko. Sauti nzuri, mchangamfu, mtu ambaye katika mazingira mengine tungekuwa marafiki.

"Ile picha ya mkono na sufuria mmeitoa wapi, dada?"

"Aah, ile? Ile designa wetu aliitoa Google."

"Google hana mama, dada. Huo ni mkono wa mama yangu."

Akacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, nikajilaumu. Kisha akasema lile neno ambalo nimelisikia mara nyingi tangu siku hiyo: "Lakini kaka, si uliiweka mwenyewe Facebook? Ikishakuwa public ni ya watu wote." Na alipoona nimenyamaza akaongeza la pili: "Halafu tumekutangaza bure."

"Mmemtangaza nani? Jina langu liko wapi?"

"Basi tutaweka jina. Tuandike kwa hisani ya nani?"

Nilikata simu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuwa kabla ya kupiga, maana kwa sekunde mbili tatu nilikuwa nimeanza kumtajia jina langu.

Neno hilo hisani limenikaa kichwani tangu hapo. Fungua gazeti lolote la Kiswahili, fungua blogu, fungua kurasa za udaku zenye wafuasi milioni, chini ya picha utaona: "Picha kwa hisani ya mtandao." Au kwa kifupi, "Picha: Mtandao." Hisani ni wema anaokutendea mtu ambaye angeweza kukunyima. Ndiyo maana ukitendewa unashukuru. Mtandao haujawahi kumtendea mtu hisani, kwa sababu hauna cha kwake. Ni kama mtu kaingia shambani kwa jirani, kaangua nazi, halafu akaandika kwenye pakacha "kwa hisani ya mnazi".

Na hata likiandikwa jina la mwenyewe, hilo ni jambo jingine na ruhusa ni jambo jingine. Tumeyachanganya haya mawili kiasi kwamba mtu akichukua habari yako nzima, neno kwa neno, akaweka jina lako mwishoni kwa herufi ndogo, anatarajia umpigie simu kumshukuru. Kutaja chanzo ni adabu, na katika kunukuu sheria inataka hivyo. Lakini kunukuu ni kuchukua kipande ili ukizungumzie, ukikubali au ukipinge. Ukibeba gunia zima hujanukuu, umehamisha.

Kisa ambacho huwa nawasimulia wanaosema "si iko mtandaoni" ni cha Daniel Morel. Ni mpiga picha wa Haiti. Tarehe 12 Januari 2010, tetemeko lilipoipiga Port-au-Prince jioni, yeye alikuwa palepale mjini na kamera yake. Alipiga vumbi likiwa bado halijatua. Kuna picha moja ya mwanamke akichungulia kutoka kwenye kifusi ambayo wengi wetu tuliiona kesho yake bila kujua imetoka kwa nani. Usiku huohuo Morel alifungua akaunti ya Twitter, akaziweka picha kwenye TwitPic, huduma iliyokuwa ikitumika wakati ule kubandika picha kwenye Twitter, akatangaza kwamba anazo picha za tetemeko.

Muda mfupi baadaye mtu mmoja aliyekuwa nchi jirani, Jamhuri ya Dominika, alizinakili akaziweka kwenye akaunti yake kana kwamba ni zake. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, likazichukua kwa huyo wa pili. Likazisambaza, na kupitia Getty Images zikafika kwenye vyombo vya habari duniani kote, zikiwa na jina la mtu ambaye hakuwa Haiti. Yaani kabla kifusi hakijaanza kufukuliwa, picha zilikuwa zimeshabadilisha baba.

Kilichofuata ndicho kinachonishangaza hadi leo. Wakili wa Morel alipoanza kudai, shirika ndilo lililotangulia mahakamani, New York, Machi 2010, kuiomba mahakama itamke kwamba halijavunja haki yake. Hoja kubwa ilikuwa ileile ya dada yangu wa masoko, ila imevaa suti: kwamba kwa kuweka picha Twitter, Morel alikuwa amekubali masharti ya Twitter, na masharti hayo yanaruhusu watu kuzitumia. Januari 2013 Jaji Alison Nathan akaikataa. Masharti yanaipa kampuni ya mtandao ruhusa ya kuonyesha na kusambaza unachoweka ndani ya huduma yake. Hayampi mtu baki leseni ya kukiuza. Novemba mwaka huohuo wazee wa baraza waliamua ukiukaji ulikuwa wa makusudi, wakampa Morel dola milioni 1.2. Picha zilikuwa 8, na kiwango cha juu kabisa cha sheria ile ya Marekani ni dola 150,000 kwa kila kazi. Piga hesabu uone walivyokasirika.

Najua, ile ni Marekani, na sisi tuko Buguruni. Lakini msingi ni uleule. Mkataba wa Berne ni wa 1886. Kenya iliingia 1993, Tanzania 1994. Kiini chake ni kwamba kazi inalindwa pale tu inapoundwa. Huhitaji muhuri, huhitaji kuandika "haki zote zimehifadhiwa", huhitaji kwenda ofisini. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inasema hivyohivyo, na ulinzi unaendelea maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni hiari, kunakusaidia siku ya ubishi kuonyesha kwamba ulitangulia. Na ile alama ya dunia kidogo kwenye Facebook inayoonyesha kwamba kitu ni cha wote, inaeleza nani aone. Haielezi nani achukue. Dirisha langu pia linatazama barabarani.

(Mapishi yenyewe, ili tuwe sawa, si ya mtu. Hakimiliki hailindi wazo wala njia ya kutenda jambo. Pika mkate wa kumimina, uza, fungua mgahawa, Mama hatakuja na wakili. Ila maneno niliyoyaandika kuueleza, na picha, hayo ni mengine.)

Kuna wanaoshikilia kwamba ukibadilisha kidogo inakuwa yako. Ongeza rangi, kata pembeni, weka maandishi juu. Mchoraji wa Marekani Richard Prince alilipeleka hilo mbali kuliko wote: 2014 alichapisha skrinshoti za Instagram za watu wengine kwenye turubai kubwa, akaongeza komenti yake chini ya picha, akazitundika kwenye jumba la sanaa New York. Mwaka uliofuata kulikuwa na zilizofika dola 90,000 moja. Kikundi cha wanamitindo SuicideGirls, ambacho picha zake zilikuwemo, kilimjibu vizuri: kikachapisha nakala zilezile na kuziuza kwa dola 90. Wapiga picha wawili wengine, Donald Graham na Eric McNatt, walikwenda mahakamani, na Januari 2024 kesi zao zikaisha kwa hukumu dhidi ya Prince na amri ya kuwalipa. Komenti moja chini ya picha haikutosha. Designa wetu wa unga aliongeza mvuke wa kompyuta juu ya sufuria lililopinduliwa, mvuke unaopanda kutoka kwenye kitako cha sufuria. Sijui mahakama ingeuitaje.

Jioni ile nilimpigia Mama. Nikamweleza yote kwa hasira, na maneno ya kisheria niliyoyaokota mchana kutwa: hakimiliki, mtunzi, mimi ndiye mwenye haki. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, bila ubishi wowote, kama mtu anayeuliza bei:

"Mkono ni wangu, sufuria langu, mkate wangu. Picha imekuwaje yako?"

Nikamwambia sheria inamtazama aliyebonyeza kamera.

"Haya. Na wewe uliniuliza ulipoiweka huko?"

Sikumuuliza. Alikuwa na ushungi wa kazini, jasho shingoni, jikoni kuna ndoo za maji na ndala za watu. Kwenye picha yangu, ile nzima, uso wake ulikuwemo. Mwanamke ambaye hawezi kwenda dukani kwa Mpemba bila kubadilisha kanga, nilimtoa mbele ya watu elfu mbili akiwa katika nguo za moshi, kwa sababu mwanga ulinipendeza.

Hapo kuna haki mbili zinazokaa nyumba moja na watu hudhani ni moja. Aliyepiga ana hakimiliki ya picha. Aliyepigwa ana faragha yake, na hiyo haifutwi na hakimiliki ya mtu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya wamekwenda kwa kasi zaidi: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza klabu moja ya starehe Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila ridhaa ya wazazi. Hata kama klabu ndiyo iliyolipa mpiga picha, mteja alikuwa bado ana la kusema. Tangu wakati huo kila nikienda harusini nikaona mtu wa video anawalenga kina mama wanaokula, namfikiria yule kamishna.

Nilimwomba Mama samahani. Akasema, "Wewe ni mwanangu. Hao wa unga ndio sijui watoto wa nani."

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo.

Mwaka 2021 blogu yangu ilikuwa imekauka wiki kadhaa. Usiku mmoja nikakutana na mfululizo wa twiti kumi na moja za msichana mmoja nisiyemjua, kuhusu marehemu baba yake na baiskeli yake. Sitakisimulia hapa kisa chenyewe. Kilikuwa kizuri kwa namna ile ya mtu ambaye hajui kwamba anaandika vizuri. Nikanakili zote. Nikaziunganisha ziwe aya, nikasahihisha tahajia, "hua" nikafanya "huwa", nikaipa kichwa cha habari, nikatafuta picha ya baiskeli Google, nikachapisha. Chini kabisa: "Chanzo: Twitter." Jina la akaunti yake sikuliweka kwa sababu lilikuwa na tarakimu nyingi mwishoni, nikaona litaharibu mwonekano.

Ilisomwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Watu wakaandika, "Kaka umeniliza." Nami nikajibu, "Asante sana." Si mara moja. Nimehesabu baadaye: mara kumi na nne.

Siku kama kumi hivi zikapita, ikaja meseji. "Kaka habari za kazi. Samahani kwa usumbufu. Ile habari ya baiskeli ni ya baba yangu. Naomba uitoe."

Nilijibu mbio mbio, nikaleta ukarimu wote niliokuwa nao: nitaweka jina lako, nitaweka linki ya akaunti yako, watu watakufuata, una kipaji dada yangu. Akajibu mistari miwili. "Jina silihitaji. Mama aliniomba niifute, nimeifuta. Kwako bado ipo."

Nilikuwa sijafikiria hilo kamwe. Mawazo yangu yote juu ya kuchukua vya watu yalikuwa kuhusu sifa na hela: nani anatajwa, nani analipwa. Kumbe mwenye kitu ana haki nyingine ya kawaida sana, ya kubadili mawazo. Kuweka neno hadharani Jumatatu na kulirudisha ndani Alhamisi kwa sababu mama kaumia. Nilipochukua zile twiti nilimnyang'anya hiyo, na hakuna jina wala linki ambayo ingemrudishia.

Niliitoa ndani ya dakika kumi. Desemba ile, kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu, baba yangu mdogo akaituma. Ilikuwa imezunguka, imerudi nyumbani. Baiskeli ilikuwa imegeuka pikipiki. Baba alikuwa sasa anasema maneno ya mwisho hospitalini ambayo hayakuwepo kwenye habari yoyote niliyoisoma. Chini: "Mtunzi hajulikani. Tuwapende wazazi wetu wangali hai. Tuma kwa watu kumi upokee baraka." Shangazi mmoja akaweka nyuso tano zinazolia. Na juu kabisa, bila kuguswa hata herufi, kichwa cha habari. Kichwa ndicho kilikuwa changu.

Nikaandika kwenye grupu: "Hii ina mwenyewe."

Baba mdogo akauliza: "Nani?"

Sikuweza kumjibu. Jina lake alisema halihitaji.

Wakongwe wetu walilijua tatizo la kukatwa jina kabla ya simu hizi. Mwana Kupona alipotunga utenzi wake kwa binti yake, mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, jina lake, Pate alikozaliwa na huo mwaka vyote viliingia ndani ya beti, kwenye vina. Ukitaka kumtoa lazima uvunje shairi. Washairi wa magazetini wakaendelea hivyohivyo: ubeti wa mwisho mtu anajitaja na mji wake, na chini yake anaandika sanduku la posta. Siku hizi mtu anaweka wotamaki, alama ya jina lake, pembeni ya picha na kesho yake programu ya bure imeifuta. Nimejaribu kutia jina langu ndani ya aya zangu kama wao, nikasikika kama mtangazaji wa mnada.

Kuna njia ya kitaalamu ambayo kwa kiasi inaheshimu ile haki ya kubadili mawazo, nayo ni kupachika posti badala ya kuinakili. Posti inabaki kwenye akaunti ya mwenyewe, kwako inaonekana kama kupitia tundu. Akiifuta, kwako linabaki pengo. Usidhani hiyo nayo ni kinga kamili. Mahakama za Marekani zimevutana juu ya kupachika kwa miaka, na Juni 2020 Instagram wenyewe walisema masharti yao hayampi mtu leseni ya kupachika picha za wengine kwenye tovuti yake. Lakini kati ya skrinshoti na pengo, mimi nachagua pengo. Blogu yangu sasa inayo matatu. Wasomaji hulalamika.

Kwa mengine natuma meseji. Inakwenda hivi: "Habari dada, naitwa fulani, naandika blogu. Nimependa ulichoandika kuhusu jambo fulani. Naomba kukitumia chote, kwa jina lako, kwa namna utakayosema. Ukikataa hakuna tatizo, na ukibadili mawazo baadaye niambie nitakitoa." Wengi hujibu ndani ya saa moja, "Weka tu kaka." Mmoja alitaka elfu hamsini, tukakubaliana thelathini. Mmoja alinijibu "Hapana" pekee, bila hata nukta, na nikabaki na makala iliyokosa katikati. Niliichapisha hivyohivyo, inachechemea.

Turudi kwa watu wa unga. Nilijaza fomu ya kuripoti ya Instagram, ile inayokutaka uweke linki ya kazi yako, linki ya waliochukua, na kuthibitisha kwamba unachosema ni kweli. Tangazo likatoweka siku ya pili. Siku ya tatu akanipigia mtu mwingine wa ofisi ileile, mwanamume, mpole kupita kiasi. "Kaka, unataka shilingi ngapi?" Sikuwa na jibu. Kama angeniuliza kabla, ningesema laki moja na kushukuru. Kuuliza baada ya kutumia ni kama kupatana nauli ukiwa umeshashuka kwenye bajaji. Kwanza walinipa ofa ya katoni mbili za unga. Mwishowe ikawa laki nne, ikaja baada ya wiki tano na simu nyingi, na hati ya makubaliano ya ukurasa mmoja ambayo ndani yake picha inaitwa "kifaa cha ubunifu".

Nikamtumia Mama laki mbili. Akapiga simu kushukuru, akauliza ni nusu ya ngapi. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo. Nikamtumia zile nyingine.

Kumbe picha ileile walikuwa wameiweka pia kwenye bango la barabarani, na hilo halikushughulikiwa na fomu yoyote. Lilikuwa limetundikwa mbele ya duka la jumla, Buguruni, na Mangi mwenye duka hakujua lolote kuhusu Instagram. Waliokuja kulifunga walimpa kofia na fulana. Lilikaa hapo juani mwaka mzima na zaidi. Nyekundu ikaondoka kwanza, kisha njano, ikabaki buluu. Mama alipokuja Dar kwa arusi ya mpwa wake nikampitisha. Alisimama mbele yake, mkoba kwapani, akalitazama kwa muda. Makaa ya buluu, kiganja cha buluu, sufuria la buluu lenye mvuke kwenye kitako.

"Huu mvuke umetoka wapi?" akauliza.

Akaingia dukani, nikabaki nje nimeona aibu. Nilisikia akimsalimu Mangi, Mangi akiitikia, kisha kicheko kikubwa cha wanaume wawili watatu waliokuwa wanasubiri huduma. Aliponyoosha mkono wa kulia juu ya kaunta kuonyesha kovu, Mangi alitoka nje kulitazama bango, akarudi kuutazama mkono, akatoka tena. Kijana wa dukani akapanda ngazi na kisu cha kukatia kamba.

Lilisafiri chini ya basi hadi Tanga, limekunjwa ndani ya kiroba. Masika ile halikuvuja tone. Ukienda kwetu leo, uani, nyuma ya mpapai, utaliona juu ya banda la kuku, limegandamizwa na mawe manne, upande wa picha umetazama juu.